Uzoefu wangu: wakala wa mizigo kamvunja Scorpion mkono, kisha kaniita baba midoli

Jamani hii nilisema nitaandika siku ileile nikaahirisha, maana ningeandika matusi matupu. Ilikuwa mwezi wa saba, au wa nane mwanzoni, ile baridi ya Arusha ya kuvaa makoti mawili na bado unatafuta jua kama mjusi. Jina la ofisi sitaji, wenyewe wanajijua, ni mawakala wa mizigo ya China, wana ghala Guangzhou na kaofisi kao hapa mjini ka mabati. Kama una haraka we soma hapa tu: mzigo wanafikisha, ila mkono wa jamaa wa kaunta usiusogelee.

Nieleze kwanza. Mi nakusanya figa. Vile visanamu vya watu wa kwenye magemu ambavyo viungo vyote vinakunjika, shingo, bega, kiwiko, kiganja, unamweka pozi unalotaka, mmoja anarusha teke mwingine kapiga goti, kuna viganja vya akiba na vichwa vya akiba. Vyangu ni vile vya moja kwa kumi na mbili, yaani mtu wa futi sita anakuwa inchi sita. Siku ya kwanza nimemwambia mama nimeagiza figa China alinitazama sana, akauliza kwani mawe ya Meru yameisha? Na mengine mawili yako wapi, chungu utainjika kwenye figa moja? Tangu hapo ikawa ndo utani wetu. La kwanza lilikuwa Ryu, la pili Chun-Li, na kila nikienda kumsalimia kule Sakina swali ni hilohilo, la tatu limefika?

La tatu ni Scorpion wa gemu la Mortal Kombat, na hapa nisieleweke vibaya, huyu sijamnunua kwa sababu ni mzuri kabatini. Nimekua Ngarenaro, kulikuwa na kibanda cha gemu kimoja, tivii ya chogo, pedi mbili moja haina kitufe, unalipa shilingi mia pambano moja na ukipigwa unampisha mwenzio. Wakubwa walikuwa wanachukua pedi nzima. Mi nikawa na Scorpion tu, nikarusha ile kamba yake nikamvuta chalii wa watu na kumaliza mchezo, kibanda kizima kelele. Mortal Kombat yenyewe ilitoka 1992, na ile sauti ya Scorpion ya kumwita mtu aje ni ya Ed Boon, mmoja wa waliolitengeneza gemu lenyewe. Mambo kama hayo ndo yanayonikalia kichwani, namba ya NIDA sijaikariri mpaka leo.

Basi nimechanga hela miezi kadhaa, zaidi ya laki mbili, hata mke wangu namwambia bei nusu (naye anajua, ananiangalia tu). Muuzaji kapeleka ghalani kwao, mawakala wakapokea, wakanitumia picha ya boksi, safi. Ikaja kwa ndege mpaka Dar, Dar ikapanda basi la usiku. Mpaka hapo niwe mkweli sina neno, wiki mbili na kitu hivi, boksi halina hata kona iliyobonyea. Kuna watu wanalalamika mizigo yao imepotelea huko, mi haijawahi kunitokea.

Asubuhi napigiwa, njoo chukua. Nimefika saa mbili na nusu, ukungu bado, ndani ya ile ofisi mabati yanatoa baridi kama friji. Jamaa wa kaunta ana boksi langu mbele yake na LIMEFUNGULIWA. Sio lile la nje la kahawia, hapana, lenyewe, lenye picha, lenye stika ambayo mimi ndo nilitakiwa niibandue nikiwa nimenawa mikono na mlango nimefunga. Nikamuuliza kwa upole, kaka mbona mmefungua? Akasema tunakagua, utaratibu. Sawa, utaratibu, nani atabishana na utaratibu.

Akamtoa Scorpion kwenye trei yake ya plastiki, kamshika kiuno kama mtu anachagua nyanya Kilombero. Akaniangalia. Akamwangalia Scorpion. Akasema, hii midoli ni ya dogo eeh?

Nikasema ni yangu.

Yako yako?

Yangu.

Akageuka kwa wenzake, "Oneni jamani, baba mzima na ndevu zake anaagiza midoli China." Kulikuwa na mama mmoja anasubiri belo la mitumba, yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya belo la mwenzake. Mi nikacheka pia, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kwenye kifodi. Ningeishia hapo ningesahau. Sasa yule bwana akasema ngoja nione kama inafanya kazi, akashika mkono wa kulia, akaanza kuukunja.

Hapa inabidi niwape somo, mtu asije akapata msiba kama wangu. Figa likiwa jipya HALIKUNJWI hivihivi. Kiwandani rangi huwa inapenya kwenye kiungo inakauka mle ndani, kiungo kinagandana. Halafu plastiki ikipigwa na baridi inakakamaa, na hili lilitoka kulala kwenye buti la basi na kuja kukaa kwenye jumba la mabati Arusha mwezi wa saba. Unachofanya, unachemsha maji, unaepua, unakitumbukiza kiungo dakika moja hivi, au unatumia draya ya saluni, kikishalainika ndo unakisogeza taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka kiachie. Kikigoma unarudisha kwenye maji. Wanaokusanya hizi wote wanajua, na mi nikapiga kelele, "Subiri kaka, lina baridi hilo!"

"Lina baridi?" akasema, na chumba kizima kikaanguka tena kicheko, na akakunja.

Ka!

Sauti ndogo tu kama ya kuvunja njiti ya kiberiti. Mkono kuanzia kwenye kiwiko ukabaki kwake, Scorpion akaanguka kaunta kifudifudi. Kicheko kikakata. Nilijua ataomba msamaha, na Mungu ananiona, angesema samahani ningesamehe. Akasema, "Ah, kumbe feki."

Feki!

Halafu ngoja, haijaisha. Akavuta droo akatoa supagluu, nikawa nasema hapana hapana hapana, yeye tayari kashaimwaga tone kubwa lile, kabandika mkono wima kama saluti. Kiungo kikashika moja kwa moja, hakikunjiki tena milele, na kwa juu ikatoka ile weupe kama ukungu inayotoka supagluu ikikaukia kwenye plastiki, juu ya nguo nyeusi. Scorpion wangu kawa mtu aliyefungwa hogo hospitali ya Mount Meru. "Si umeona, limepona," akaniambia. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza, nikahesabu bodaboda kumi na saba.

Sasa hapa ndo naanza kuyumba. Kuna dada anashika daftari la malipo, alinifuata nje. Akasema, "Kaka yangu pole, yule ana mdomo mchafu, sisi wenyewe anatuchosha." Akaninunulia chai ya maziwa na maandazi mawili kwa hela yake, najua siyo ya ofisi kwa sababu aliitoa kwenye khanga. Bosi alipopigiwa simu akasema nisilipe usafiri wa mzigo ule. Nikakataa chai, nikasema sitaki kitu. Baadaye nikainywa, ilikuwa baridi jamani. Kwa huyo dada ningewapa nyota nne. Ila nimeshika andazi la pili nikasikia yule bwana ndani anasema mpelekeeni na mdoli wake andazi, nyota zikarudi mbili. Moja. Sijui.

Nyumbani shemeji akanishauri nitumie ile dawa ya kutolea kutexi, inayeyusha supagluu. Kweli inayeyusha, ila yenye asetoni inakula na plastiki yenyewe na rangi yake, ungebaki na Scorpion wa uji. Msijaribu. Nikamfunga kwenye soksi nikaenda naye kwa mzee mmoja fundi saa, anakaa kwenye kimeza karibu na Soko Kuu. Nikamwamkia, nikamweka mezani, nikajiandaa kuchekwa tena. Mzee akavaa ile lensi yake ya jichoni, akamgeuza geuza, kimyaa. Akaniuliza, "Huyu anapigana na nani?"

Nikamwambia na Sub-Zero. Nikajikuta namsimulia yote, kwamba ukiangalia gemu la kwanza hao wawili ni mtu mmoja, mwigizaji mmoja na mavazi yaleyale, wamebadilisha rangi tu, wa njano na wa bluu. Mzee akatikisa kichwa, akasema basi wamebana matumizi. Akakata pale kwenye gundi kwa wembe, akatoboa na kikekee chembamba kama sindano, kiungo cha zamani chote akakitupa, akapitisha pini ya mkanda wa saa. Pini ya saa! Mi nilikuwa nafikiria waya. Karibu saa nzima, akaniomba elfu tano nikampa saba.

Mkono unakunjika sasa. Mwanzoni ulikuwa unalegea, ukimwinulia kamba anaishusha kama kachoka, nikapaka kutexi ile isiyo na rangi ndani ya kiungo, nikaacha ikauke usiku kucha, ukakaza. Ule weupe nimeupunguza na mafuta ya cherehani kidogo ila upo, ukimweka kwenye taa unauona. Mke wangu anasema hauonekani. Unaonekana.

Mama nimempelekea picha ya watatu wote kabatini, akajibu sauti ya sekunde sita, nne kicheko, na mwisho akasema haya sasa injika.

Kwa hiyo nawapa ngapi? Nilianza kuandika nikiwa na moja. Bei yao ni nzuri, hilo siwezi kudanganya, na nimeulizia wengine wawili, mmoja anadai kilo kamili hata kama mzigo ni nusu, mwingine simu hapokei. Hawa simu wanapokea. Picha wanatuma. Boksi lilifika zima, wameliua wenyewe likiwa mezani kwao, ni kama dereva kakutoa Dar salama kakugonga stendi. Samahani hajasema mpaka leo. Nimepita pale mara mbili kwa mambo mengine, ananiita "baba midoli", tena kwa furaha, anadhani tumekuwa marafiki.

Nyota mbili na nusu, nusu ni ya yule dada na chai yake.

Na msinicheke, Sub-Zero yuko ghalani kwao Guangzhou tangu juzi. Nimewaandikia WhatsApp kwa herufi kubwa MSIFUNGUE, wameweka tiki mbili za bluu, hawajajibu kitu. Siku ya kuchukua naenda na chupa ya chai imejaa maji ya moto, akisema utaratibu namwekea hapohapo kaunta.