Santuri za Juan Gabriel: ipi ununue kwanza, na kwa nini uhesabu dakika kabla ya kulipa

Malalamiko yamekuwa mengi, na karibu yote yana sura moja. Mtu ameagiza CD ya Juan Gabriel, mwimbaji na mtunzi wa Mexico, imefika salama, haina mkwaruzo, jalada linang'aa, halafu wimbo aliokuwa akiusubiri unakatika njiani. Dada mmoja alinitumia ujumbe wa sauti akiwa na hasira kweli kweli: "Hasta que te conocí" ndiyo kwanza imeanza kuchanganya, ngoma zinaingia, sauti ikafifia taratibu hadi ikapotea, ukaanza wimbo mwingine. Akadhani CD ni mbovu. CD ni nzima. Wimbo ndio uliokatwa na waliotengeneza mkusanyiko, ili nyimbo nyingi zienee kwenye sahani moja.

Kwa hiyo leo sizungumzii mikwaruzo, wala sindano, wala jalada lililochanika pembeni. Hayo mnayajua. Nazungumzia dakika. Geuza jalada, tazama kama kila wimbo umeandikiwa urefu wake. Kwenye santuri, tazama pia ile karatasi ya duara katikati. Kisha fungua albamu kamili kwenye simu yako, ulinganishe. Wimbo ukipungua kwa dakika nzima, umekatwa, na bei haijapunguzwa kwa ajili hiyo.

Kwa Juan Gabriel jambo hili lina uzito kuliko kwa waimbaji wengi. Alberto Aguilera Valadez, ndilo jina lake la kuzaliwa, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1971 na akafariki tarehe 28 Agosti 2016 huko California, siku mbili tu baada ya kutumbuiza Inglewood, mji wa jimbo hilohilo. Miaka 45 ya kazi. Katika muda huo nyimbo zake kubwa alizirudia: studio, jukwaani, na mariachi (bendi ya kienyeji ya Mexico ya fidla, magitaa na tarumbeta), na okestra, peke yake na kwa kushirikiana na wengine. Jina la wimbo likiwa moja, rekodi zinaweza kuwa tatu au nne, na muuzaji haoni sababu ya kukwambia anakuuzia ipi. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Namba moja kwangu haina mpinzani: onyesho la Palacio de Bellas Artes, lililotolewa na kampuni ya santuri ya Ariola mwaka 1990. Nunua ile kamili, yenye sahani mbili. Jengo lile la marumaru katikati ya jiji la Mexico lilifunguliwa mwaka 1934 na lilihesabiwa kuwa nyumba ya opera na muziki wa okestra. Mei 1990 ilipojulikana kwamba mwimbaji wa nyimbo za kawaida za watu angepanda jukwaa lile, tena na Okestra ya Taifa chini ya kiongozi Enrique Patrón de Rueda, waliojiona wenye utamaduni walipinga hadharani. Akapanda. Sikiliza "Hasta que te conocí" ya usiku ule: anaanza chini kabisa, karibu kama mtu anayesimulia, okestra ikimfuata kwa heshima, kisha mdundo unageuka na ukumbi mzima unalipuka. Yeye haachii. Anaurefusha, anauzungusha, anawapa watu, anaurudisha. Urefu ule ndio wimbo wenyewe. Ukiukata umebaki na utangulizi.

Kuna "Amor eterno" pia, wimbo wa maombolezo unaohusishwa na mama yake. Mama yake, Victoria Valadez, alifariki mwaka 1974. Baba alikuwa amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwana akiwa mchanga, na mama alipohamia mji wa Ciudad Juárez mtoto aliwekwa kwenye shule ya bweni, akakulia humo. Wamexico huuimba wimbo huu msibani, na huuimba Siku ya Mama, tarehe 10 Mei. Kwenye onyesho, watu wanaoitikia ni sehemu ya muziki. Mikusanyiko mingi niliyoikagua hufuta makofi na kuacha kimya kikavu kabla ya wimbo unaofuata. Nilimlalamikia muuzaji mmoja juu ya hilo, akanijibu kwamba makofi si muziki. Sijarudi dukani kwake.

Namba mbili ni "Recuerdos II" ya mwaka 1984, Ariola tena. Ndiyo, naipenda Ariola waziwazi, na sioni haya kusema: santuri zao za miaka ya themanini zilizochapwa Mexico zina sauti nene, na matoleo niliyoyashika yote yalikuwa na nyimbo kamili. Humu mna "Querida", na albamu hii ni kati ya zilizouzwa sana kuliko zote katika historia ya Mexico. Kwa sababu hiyohiyo, anayekuandikia "adimu sana" na kuongeza bei mara tatu anakuonea. Kitu kilichochapwa kwa wingi namna ile hakiwezi kuwa adimu. Bei zilianza kupanda alipokufa, na wauzaji wamegeuza msiba kuwa msimu.

Namba tatu, albamu ya 1974 na Mariachi Vargas de Tecalitlán, iliyotolewa na kampuni ya RCA. Hii ndiyo yenye "Se me olvidó otra vez". Nyimbo zake ni fupi, hazina mahali pa kukatwa, basi hata CD ya baadaye itakufaa. Sauti yake bado changa, nyembamba, haijapata ule ukwaruzo wa uzeeni, na tarumbeta haziisongi.

Ya nne si yake, lakini kabati halijakamilika bila yake: Rocío Dúrcal, mwimbaji wa Hispania, kwenye juzuu la sita la nyimbo za Juan Gabriel, 1984. Ndiyo rekodi iliyoitambulisha "Amor eterno" kwa watu. Kisha "Pensamientos" ya 1986, kwa anayetaka "Hasta que te conocí" ya studio.

Hapo pana jambo la kuangalia. Baada ya 1986 aligombana na kampuni yake kuhusu haki za nyimbo alizozitunga mwenyewe, na kwa miaka hakutoa albamu ya kawaida yenye nyimbo mpya hadi "Gracias por esperar" ya 1994. Ukiona CD inayojiita mpya, yenye tarehe ya katikati ya miaka hiyo, na siyo lile onyesho, kagua mara mbili, kwa sababu huenda ni nyimbo za zamani zilizopangwa upya. Mtunzi amekaa miaka akipigania kazi yake, wewe unalipia mabaki yake kwa bei ya chakula kizima. Linaniudhi hadi leo.

"Los Dúo" ya 2015, alikoimba na waimbaji wengine, ni nzuri kwa safari. Mikusanyiko ya bei rahisi, yenye picha yake ya koti la vito na neno "éxitos" (nyimbo zilizovuma) kubwa, nunua kama huna njia nyingine.

Ukiagiza mbali, omba picha ya upande wa nyuma, iliyo karibu, tarakimu zisomeke. Kutuma santuri hadi Dar es Salaam au Nairobi huweza kuzidi bei ya santuri yenyewe, na ukishalipa hiyo, hakuna atakayekurudishia. Muuzaji akisema hana muda wa kupiga picha, achana naye, tafuta mwingine.