Uzoefu wangu: Coca-Cola ya kawaida, Coke Zero au Diet Coke?

Nianze na jambo linalowachanganya wengi: Diet Coke si Coca-Cola iliyotolewa sukari. Ni kinywaji kingine chenye ladha yake, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1982. Iliyotengenezwa ili ifanane na ya kawaida ni Coke Zero, ya mwaka 2005. Aliyeonja Diet akaapa kwamba soda zisizo na sukari hazinyweki, bado hajaonja Zero. Mimi alama ya juu naipa Zero, ila kwa sharti: iwe baridi kwelikweli, na isiwe imeshinda juani.

Hapo kwenye jua ndipo pesa nyingi hupotea. Soda ya kawaida ikikaa wiki mbili mlangoni mwa duka, utamu wake unabaki ule ule, maana sukari ni ngumu kuharibika. Zero na Diet utamu wake kwa kawaida unatokana zaidi na aspatemu, kitu kitamu mara 200 hivi kuliko sukari, na hiyo huvunjika polepole ndani ya asidi ya soda. Joto likipanda, inavunjika haraka zaidi. Unafungua chupa, gesi ipo, rangi ipo, lakini mdomoni imebaki chachu na uchungu kidogo. Si lazima iwe feki. Mara nyingi imepigwa jua tu. Kwa hiyo ukinunua Zero, usichukue ile iliyopangwa nje kwa mapambo. Omba ya ndani ya friji, na soma tarehe shingoni mwa chupa au kitakoni mwa kopo, kwa sababu soda hizi hukaa muda mfupi kuliko za sukari.

Pakiwa na kopo, chagua kopo kuliko take away, ile chupa ya plastiki. Plastiki huvuja gesi kidogo kidogo, na chupa ndogo huishiwa mapema kuliko kubwa. Ya kawaida iliyopungua gesi bado inanyweka, lakini Zero isiyo na gesi ni ya kumwaga. Barafu nayo usijaze: Zero haina uzito wa sukari, kwa hiyo vipande vikianza kuyeyuka inageuka maji mapema. Ipoze chupa yenyewe. Ila usiisahau kwenye friza, maana huganda kabla ya ya kawaida na inaweza kupasuka.

Kuhusu sukari, hesabu ni fupi. Lebo nyingi za Coca-Cola ya kawaida zinasoma gramu 10.6 kwa mililita 100. Chupa ya kioo ya mililita 350 ina gramu 37, yaani vijiko vya chai 9. Hakuna anayetia vijiko 9 kwenye kikombe cha chai akakimaliza. Kwenye soda asidi, gesi na baridi vinaficha. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, karibu gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Take away ya nusu lita ina 53. Na usidhani soda ya tangawizi au juisi ya boksi ni kimbilio, nyingi zinacheza humo humo.

Hata hivyo sisemi kila mtu ahamie Zero. Anayekunywa soda harusini na sikukuu tu, anywe ya kawaida akae kwa amani. Kwa mishkaki yenye pilipili mimi mwenyewe nachagua hiyo, kwani sukari inatuliza mwasho na gesi peke yake inauchochea. Faida ya Zero iko kwa anayekunywa kila siku. Naye asitarajie miujiza ya kitambi: mwaka 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee vitamu hivi kupunguza uzito. Mwaka huo huo aspatemu iliwekwa kwenye kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani, na watu wakashtuka. Kiwango kinachokubalika hakikubadilika: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya 9 kwa siku kukivuka. Wenye PKU, ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ushindwe kuvunja kitu kimojawapo kilichomo kwenye aspatemu, ndio wanaopaswa kuikwepa kabisa.

Kwa meno kulika na asidi, Zero haileti nafuu. Zote tatu zina asidi, kwa hiyo tumia mrija, sukutua kwa maji, na subiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Usingizi pia: kwa kopo la Marekani la mililita 355, ya kawaida na Zero zina kafeini miligramu 34, Diet ina 46.

Kwa mwenye kisukari anayechoma insulini, kosa la kuchanganya chupa ni kubwa. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, Zero haimsaidii hata tone. Anahitaji ya kawaida, kama mililita 150, chini kidogo ya nusu ya chupa ya 350. Apime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali.

Makopo yaliyofutika maandishi yatumbukize kwenye ndoo ya maji: la kawaida kwa kawaida huzama, la Zero huelea. Na soda ikiletwa mezani imeshamiminwa kwenye glasi, chovya kidole, sugua tone kati ya vidole viwili mpaka likauke. Vikinata, ni ya sukari.