Wanamuziki niliowakodi kumvisha mchumba wangu pete Gangilonga: uzoefu wangu

Niliwakodi vijana wawili, mmoja wa gitaa kavu na mwenzake mwimbaji, wapige laivu wakati namvisha mchumba wangu pete juu ya jiwe la Gangilonga, hapa Iringa mjini. Ilikuwa Julai, jua linazama. Nimeridhika nao sana. Kwa kuwa wengi wameniuliza niliwapataje na kwa nini sikuchukua bendi kamili, naandika yote hapa, pamoja na yale ambayo sikuyapenda.

Kama walivyo wengi wetu, nilianza kwa kufikiria matarumbeta. Harusi na sendofu za huku bila matarumbeta hazinogi, na mimi nayapenda tangu utotoni, tulipokuwa tukikimbilia msafara wa maharusi pale Kihesa. Lakini tarumbeta kazi yake ni kusikika barabarani, magari yanatembea, honi zinalia, akina mama wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na maneno machache ya kumwambia mtu mmoja, na nilitaka ayasikie yote. Tena kikundi kile kikianza tu kupasha chini ya jiwe, watoto wa mtaa mzima wanajua kuna jambo, na mhusika mwenyewe atajua kabla hajapanda.

Bendi moja ya mjini ilinitajia laki nane, jenereta juu yangu. Kiongozi wao aliuliza watakuja watu wangapi, chakula kipo, na MC ni nani. Kuhusu mchumba wangu hakuuliza hata jina. Nilipoomba niwasikie kwanza, akanitumia video yenye sauti ya studio, midomo ya mwimbaji inakwenda kivyake na maneno yanakwenda kivyake. Kwa video ya namna hiyo huwezi kumjua mtu anayepiga laivu. Nenda ukamsikie anapofanyia kazi.

Nilikwenda pia upande wa Kalenga kwa mzee mmoja anayepiga ligombo, kwa sababu babu yake mchumba wangu alikuwa nalo nyumbani na yeye amekua akilisikia. Kwa msiolijua, ligombo ni ubao mrefu uliochongwa kama hori, uzi mmoja unapitishwa huku na huku kutoka ncha hadi ncha, na kibuyu kinakuza sauti. Sauti yake ni ya chini na tamu mno. Nilimwamkia mzee, "Kamwene," tukakaa, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ligombo wanalisikiliza watu waliokaa. Huko juu mtakuwa mmesimama, na magoti yangu hayapandi tena majiwe. Njoo unichukue siku ya mahari." Nilimshukuru, na siku ya mahari nitamfuata kweli.

Hawa vijana wawili hupiga jioni kwenye mgahawa mmoja maeneo ya Miyomboni. Nilikaa meza ya nyuma, karibu na jiko, makusudi, nione kama maneno ya wimbo yatanifikia huku sahani zinagongana. Yalinifikia. Kilichonivutia zaidi ni jambo dogo: simu ya mteja wa meza ya mbele iliita, akaipokea palepale, na mwimbaji akashusha sauti hadi yule bwana alipomaliza kuzungumza. Hakukunja uso wala hakusimamisha wimbo. Nikajua huyu anawaangalia watu anaowaimbia.

Nilipowaeleza shida yangu, mpiga gitaa ndiye aliyeuliza maswali. "Kaka, pale juu upepo unavuma kutoka wapi?" Alitaka wasimame upande unaotoka upepo ili sauti ibebwe kuja kwetu, kwa sababu juu ya jiwe hakuna ukuta wa kuirudisha, na kila hatua unayosogea nyuma inakula sauti. Akauliza mchumba wangu anajua wimbo gani bila kusoma maneno. Akauliza ni neno gani nitakalolisema ili wajue wanyamaze. Halafu akasogea karibu, akaniuliza taratibu, "Na akikataa, tufanyeje?"

Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo, na mimi naliona ndilo swali kubwa kuliko yote. Mwanamke anaombwa jibu la maisha yake, na muziki nao unaweza kumsukuma. Ukiwa na watu kumi nyuma yako wanaopuliza na kupiga makofi, umeshamjibia. Tulikubaliana kwamba akikataa, au akiomba muda, gitaa litaendelea polepole bila kuimba, wao watateremka kama watu waliokuja kuangalia machweo, na hakuna atakayesema kitu. Hapo hapo nikatoa kianzio.

Wimbo ulikuwa rumba ya zamani ambayo baba yake huisikiliza redioni. Mwimbaji aliomba usiku mmoja wa kuusikiliza vizuri, akarudi kuniambia ubeti wa pili ni wa mtu aliyeachwa. Sijawahi kuusikia hivyo miaka yote! Nyimbo zetu nyingi za mapenzi ni za malalamiko ukizifuatilia, kwa hiyo fuatilia ubeti kwa ubeti kabla hujachagua. Wakaukata, wakarudia wa kwanza.

Nilitamani na saksafoni. Wakanishauri niiache. Kwanza ina sauti kubwa kwa umbali ule. Pili, jioni ya Julai Iringa ni baridi, na baridi huishusha saksafoni huku ikizikaza nyuzi za gitaa zikapanda, kwa hiyo wawili hao wangekuwa wanavutana wimbo mzima. Siku yenyewe mpiga gitaa alifika mapema, akalitoa gitaa kwenye mfuko lizoee ubaridi, kisha akazirekebisha nyuzi upya tulipokaribia. Ukikodi mtu wa nyuzi miezi hii, mwambie afanye hivyo.

Tulipanda kama saa kumi na mbili jioni, jua likikaribia kuzama. Wao walikuwa wamekaa pembeni wanadonoa nyuzi, na mchumba wangu alidhani ni wanachuo, maana wanachuo hupenda kupanda pale. Alipotambua wimbo alianza kuufuatisha mwenyewe. Nikasema neno letu, wakanyamaza kabisa. Nikasema yangu. Aliniangalia kwa muda, akauliza, "Baba anajua?"

Barua ilikuwa imeshafika kwa baba kupitia mshenga, na baba alikuwa ameipokea. Nikamwambia hivyo. Akainua mkono.

Fikiria swali lile lingeulizwa katikati ya ngoma na tarumbeta. Aliuliza kwa sauti ndogo, na lilikuwa swali la binti aliyelelewa vizuri. Lilihitaji kusikika na kujibiwa. Wale vijana walikaa kimya mpaka pete ilipoingia kidoleni, ndipo gitaa likaanza tena, chini chini. Kwa hilo peke yake fedha yangu ilikwenda mahali pake.

Sasa mapungufu. Muda mfupi baadaye waliingia kwenye chereko na vigelegele wakati yeye yuko kwenye simu na mama yake, ikabidi niwape ishara wapunguze. Kubalianeni mapema kwamba shamrashamra zisubiri simu za wazazi. Pia alitokea rafiki yao anarekodi kwa ajili ya ukurasa wao wa mtandaoni. Nilimwomba aache na aliacha kwa heshima, lakini hilo walitakiwa kuniuliza kabla. Hawana mkataba wa maandishi. Mimi niliwaandikia ujumbe wa simu wenye tarehe, saa, wimbo, malipo na mahali, wakajibu "sawa", na hiyo ilitutosha. Video yetu ina picha nzuri ila sauti ni upepo mtupu. Afadhali simu moja iwekwe karibu na gitaa, imefunikwa kitambaa chepesi, irekodi sauti peke yake.

Nililipa laki mbili na nusu kwa wote wawili, nusu mwanzo na nusu tulipoteremka, pamoja na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Kwa kazi waliyofanya naona ni halali yao, na nisingewaomba wapunguze.

Rafiki yangu wa Mbeya anataka kuwachukua hadi Ziwa Ngosi. Nimemwambia gitaa litafika, lakini njia ya msituni ni mwinuko na utelezi, kwa hiyo spika aisahau, na asiende miezi ya masika. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuna joto na njia ni rahisi, ila mawimbi yana kelele zake, hivyo wasimame karibu zaidi. Na kama unapanga kumvisha mtu pete ukumbini mbele ya ndugu mia, hawa wawili hawatakutosha. Hapo chukua bendi, lakini mwulize kiongozi wake atafanyaje mchumba akiomba muda, na usikilize anavyojibu.