Kamusi ya vitenzi virai ya COBUILD: tathmini kupitia «blow up»

Kamusi ya vitenzi virai vya Kiingereza (yaani kitenzi kilichoungana na kijineno kama «up» na kupata maana mpya) ya Collins COBUILD, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 chini ya uhariri mkuu wa John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ningependa imfikie kila mwalimu wa Kiingereza katika shule za sekondari, na ubora wake huonekana wazi mtu akisoma kidahizo kimoja tu, «blow up».

Mwanafunzi anayejua kwamba «blow» ni kupuliza na «up» ni juu hana njia ya kukisia kwamba maneno hayo yakiungana huweza kumaanisha kulipua. Kamusi hii haimpi kisawe kikavu, bali humweleza kwa sentensi kamili nani hutenda na nini hutendwa, kisha humwonyesha mifano iliyotokana na matini halisi. Msomaji wa Kiswahili hulihitaji hilo hasa, kwa kuwa sisi tumezoea viambishi vitufanyie kazi: waliokula njama London mwaka 1605 walitaka kulilipua Bunge, ilhali volkano ya Krakatau mwaka 1883 ililipuka yenyewe. Kiingereza hutumia «blow up» kwa yote mawili, na muundo wa sentensi ndio unaoonyesha kama yupo mlipuaji. Tena, «blow up the bridge» na «blow the bridge up» ni sahihi zote, lakini kiwakilishi sharti kikae katikati, «blow it up», jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Maana za kujaza puto upepo, kukuza picha na kufoka kwa hasira nazo zimo.

Hazina kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba wengi hawaifikii, ni faharasa ya mwishoni inayopanga vijineno kama «up» kulingana na maana zake, likiwamo kundi la uharibifu na uvurugaji.

Upungufu upo katika mpangilio wa kialfabeti, ambao huweka mbali «blow up», «knock down» na «burn down». Nyumba iliyobomolewa kwa tingatinga ni «knocked down», iliyoteketea kwa moto ni «burned down», na «blown up» hudai mlipuko. Tofauti hizo mwalimu atalazimika kuzikusanya mwenyewe na kuziandika ubaoni.