Kizibo cha mrija wa trakeostomi: kinachopima na kisichopima

Ni kidude kidogo cha plastiki cha kuziba mrija wa trakeostomi, yaani mrija unaopitishwa kwenye tundu la shingoni hadi ndani ya trakea (bomba la hewa). Lakini kazi yake ni nzito: kupima kama mgonjwa anaweza kupumua bila mrija, kabla haujatolewa. Kinachomekwa kwenye mdomo wa mrija, ule wa milimita 15, na tangu hapo mgonjwa anavuta na kutoa pumzi kwa pua na mdomo tu. Kwa hilo kinaipita vali ya kuongelea, ambayo bado inaruhusu hewa kuingia mrijani, hivyo inapima njia ya kutokea peke yake. Chagua chenye rangi kali, ili anayeingia wodini aone mara moja kwamba mrija umezibwa.

Hatari yake kubwa ni puto, lile linalouzunguka mrija ndani ya trakea. Likibaki na hewa, kizibo kinamfungia mgonjwa pumzi kabisa. Fyonza mate na makohozi, toa hewa yote ya puto kwa sirinji, fyonza tena yale yaliyoteremka, ndipo uzibe. Akihema kwa shida, kitoe papo hapo, ila usihukumu koo bado: mrija namba 8 huenda umejaza trakea, na kushuka hadi namba 6 mara nyingi kunatosha. Akishindwa hata na mrija mwembamba, daktari achungulie kwa kamera kama kuna kinyama juu ya tundu au kovu chini ya nyuzi za sauti.

Udhaifu wa kizibo chenyewe uko kwingine, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mrija ukiwa ndani huushikilia ukuta wa trakea kama nguzo. Ukuta uliolegea hapo penye tundu hausinyai mpaka nguzo itolewe, na kovu hukaza polepole baadaye. Basi mgonjwa anafaulu na kizibo saa 24 au 48, mrija unatolewa, anaruhusiwa, na wiki kadhaa mbele anahema akipanda ngazi. Kwa mtu mzima, trakea ikibana chini ya milimita 8 hivi pumzi hupungua akifanya kazi. Chini ya 5, hata akiwa ametulia. Wengi hupewa dawa ya pumu. Sikiliza shingoni: mluzi unaosikika hapo, hasa akivuta pumzi, na usiopungua kwa dawa ya kuvuta, unahitaji kamera haraka.

Kizibo kinafaa kununuliwa, pamoja na mirija miwili ya akiba: wa namba ileile na mwembamba zaidi. Ikae kando ya kitanda hata baada ya mrija kutolewa, maana tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache.