TAHADHARI: Apu ya "kupima" baridi yabisi inayozungushwa WhatsApp, pamoja na kapsuli zake

Jamani, hasa nyie mlio na wazee wanaosumbuliwa na viungo. Kuna apu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kampala, na nimeikuta hadi Arua kwenye simu ya mama mdogo. Haipo Play Store, inatumwa kama faili la APK (faili la kusakinisha apu moja kwa moja kwenye simu). Wenye apu wakishajulikana wanabadilisha jina na rangi, kwa hiyo msihangaike na jina, angalieni mwenendo wake.

Unaambiwa upige picha ya kiganja. Duara linazunguka, halafu maandishi mekundu: "Sumu ya viungo asilimia 87." Mama mdogo, ambaye vidole vyake vimevimba kweli, alipata 87. Kijana wa boda anayetuletea maji, anayenyanyua jerikeni mbili kwa mpigo, naye 87. Nikapiga picha mguu wa meza: 87. Meza yetu inaumwa, basi.

Baridi yabisi ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Daktari huminya kiungo kimoja kimoja (kwa kawaida huhesabu 28), huuliza ugumu wa asubuhi unakaa muda gani, kisha huagiza vipimo vya damu kama ESR (huonyesha kama kuna uvimbe mwilini) na anti-CCP (hutafuta kingamwili za ugonjwa huu). Kamera ya simu haiminyi kitu.

Hayo ya picha ningeyacheka tu. Kilichonitoa jasho ni kengele ya dawa. Mama mdogo anatumia methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Apu ile haina sehemu ya kuchagua wiki, inalia kila asubuhi, "Meza dawa yako." Methotreksati ikimezwa kila siku inaua: vidonda mdomoni, damu kupungua, maambukizi. Kama mgonjwa wenu ameshaimeza hivyo hata siku chache, msisubiri dalili, mpelekeni hospitali leo na pakiti mkononi.

Na wala hawaelewani wao kwa wao. Kengele inasema meza kila siku, huku "daktari" wao kwenye gumzo anasema acha kabisa, hiyo ni dawa ya saratani, nunua kapsuli zetu za mitishamba, 80,000 kwa kopo, tuma pesa kwa simu kwanza. Anachokoroga ni ukweli nusu. Ni kweli dawa hiyo hutibu saratani, lakini kwa dozi kubwa zaidi. Ya viungo ni ndogo, na huenda pamoja na foliki asidi (vitamini ya kupunguza madhara yake) na vipimo vya damu na ini.

Kopo lenyewe halina namba ya toleo wala jina la kiwanda. Wanajisifu kwamba maumivu yanakwisha siku ya pili. Sifa hiyo ndiyo iwatie shaka, maana methotreksati yenyewe huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. "Mitishamba" inayokuinua usiku mmoja mara nyingi imechanganywa kimyakimya na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Uso unavimba, sukari na presha zinapanda. Aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiziache ghafla, aende na kopo kwa daktari amwelekeze.

Tena, apu inaomba ruhusa ya kusoma meseji na majina yote ya simu. Kengele ya dawa inataka meseji zako za nini? Humo ndimo zinamopita namba za kuthibitisha pesa. Watu wa kanisani kwa mama mdogo walianza kupokea matangazo ya kapsuli yanayomtaja yeye kama shahidi aliyepona.

Iondoeni apu hiyo, badilisheni PIN ya pesa za simu, piga simu kwa mtandao wako. Anayejiita daktari, mtafuteni kwenye orodha ya Uganda Medical and Dental Practitioners Council. Huyu tulimwomba namba ya usajili akatublock. Kapsuli zipelekeni National Drug Authority. Kuhusu majina yaliyochukuliwa, sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, na malalamiko hupokelewa na Personal Data Protection Office.

Sisemi apu zote ni za wezi. Ile inayokuandikia tu leo umeamka umekakamaa dakika ngapi na kiungo gani kimevimba, humsaidia daktari sana siku ya kliniki. Haihitaji meseji zako wala haiuzi kopo.

Mkiona jina jipya au namba mpya ya muuzaji, wekeni picha ya skrini hapa chini. Majina ya wagonjwa yafuteni kwanza.