BIS: mapitio ya mashine inayopima kina cha usingizi wa upasuaji

Daktari wa usingizi ana mashine ya kumwonyesha mapigo ya moyo, nyingine ya oksijeni iliyo katika damu na nyingine ya hewa anayoitoa mgonjwa, lakini ubongo, ambao ndio hasa unaolengwa na dawa zake, kwa muda mrefu ulikisiwa kwa kuangalia viungo vingine. Tangu William Morton alipomvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, kina cha usingizi kilisomwa katika pumzi, mboni za macho, jasho, machozi na mwendo wa moyo. BIS, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996, ilikuja na ahadi ya kuyasoma mawimbi ya umeme ya ubongo wenyewe na kuyageuza kuwa namba moja. Ninaithamini mashine hii, na kwa sababu hiyohiyo ningependa wanaofikiria kuinunua, pamoja na wagonjwa wanaosikia habari zake, waelewe vizuri inapima nini.

Kihisi chake ni utepe wenye elektrodi nne unaobandikwa kwenye paji la uso hadi karibu na panja. Ngozi isipofutwa mafuta na jasho, na kila elektrodi isipokandamizwa kwa sekunde kadhaa, mashine hukataa kusoma, na kuurekebisha utepe baada ya mgonjwa kufunikwa vitambaa ni kazi ya kuudhi. Namba huanzia 0, ambapo umeme wa ubongo umenyamaza kabisa, hadi 100, ambapo mtu yuko macho kabisa. Kwa upasuaji unaohitaji nusukaputi, yaani usingizi kamili wa dawa, hulengwa kati ya 40 na 60. Pembeni mwa namba kuna mstari wa wimbi lenyewe, kipimo cha ubora wa mawimbi, kipimo cha umeme wa misuli ya uso, na asilimia ya muda ambao ubongo umekaa kimya. Kwa maoni yangu thamani ya mashine iko hapo pembeni, ingawa jicho la kila mtu hukimbilia ile namba kubwa.

Uzuri wake huonekana zaidi pale propofoli, dawa ya usingizi, inapoingia mshipani. Mgonjwa aliye macho huwa na namba ya tisini na kitu, na wimbi lake ni jembamba, la haraka, lenye kuvurugika kila anapopepesa macho. Dawa ikipenya, anaacha kuitika anapoitwa jina, kope zake hazishtuki tena zikiguswa, na namba bado iko juu. Hushuka baadaye kidogo, kwa kuwa mashine hukokotoa kutokana na mawimbi yaliyokwisha kupita. Wimbi ndilo linalotangulia kuleta habari. Linatanuka, linakuwa refu na la polepole, kisha juu yake hutokea mtetemo wenye mpangilio, wa kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, ulio na nguvu zaidi sehemu ya mbele ya kichwa. Propofoli huvitia nguvu vipokezi vya GABA, ambavyo kazi yake ni kuzituliza seli za neva, na seli za gamba la ubongo pamoja na zile za thalamasi, kituo cha ndani cha ubongo kinachopitisha habari, zikinaswa katika mdundo huo mmoja haziwezi tena kupashana habari kwa uhuru uliopo mtu anapokuwa macho. Sauti ya daktari bado hufika kwenye sehemu ya ubongo inayopokea sauti, na sehemu hiyo bado huitikia kwa kiasi fulani. Kinachokatika ni mawasiliano kati ya maeneo ya ubongo yaliyo mbalimbali, ambayo watafiti wengi wanaona kwamba ndiyo yanayobeba fahamu. Hali hii si usingizi wa kawaida, kwa maana anayelala usiku hupita hatua mbalimbali na huamka akitikiswa, ilhali aliyepewa nusukaputi yuko karibu zaidi na koma, tofauti ikiwa kwamba koma hii huongozwa na daktari na huondoka dawa ikisitishwa. Kuyaona hayo yote yakitokea katika mstari mmoja wa skrini ni jambo ambalo bado linanistaajabisha, na peke yake lingetosha kunifanya niipendekeze mashine hii kwa kila anayejifunza kazi ya usingizi.

Udhaifu uko kwenye namba. Hesabu zake zilijengwa juu ya mawimbi ya watu wazima waliopewa aina fulani za dawa, na nje ya hapo hupoteza maana haraka. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, hupita njia tofauti, ya kuziba vipokezi vya neva viitwavyo NMDA, na huuacha ubongo ukitoa mawimbi ya haraka. Namba inaweza kubaki juu au hata kupanda wakati mgonjwa hajitambui, na daktari asiyelijua hilo ataongeza dawa pasipo sababu. Kwa watoto wachanga, ambao ubongo wao bado unajengeka, namba haifai kutegemewa. Kifaa cha umeme cha kukatia na kuchomea mishipa nacho huvuruga usomaji kila kinapowashwa.

Kasoro inayonisumbua kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya misuli. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo watu 10 waliojitolea walipewa dawa za kulegeza misuli wakiwa na fahamu zao zote, bila dawa yoyote ya usingizi. Namba zao zilishuka, na ya chini kabisa ilifika 44, yaani katikati ya eneo ambalo daktari angeliona kuwa ni la usingizi mzuri. Inaonekana wazi kwamba sehemu ya namba hutegemea umeme wa misuli ya paji la uso, na mgonjwa aliyelegezwa misuli ndiye yuleyule asiyeweza kuinua hata kidole kuonyesha kwamba anasikia. Mnunuzi yeyote anapaswa kulijua hili kabla ya kusaini karatasi za manunuzi.

Je, inazuia watu kuzinduka katikati ya upasuaji? Mwaka 2004, utafiti wa wagonjwa wapatao 2,500 walio katika hatari kubwa ulionyesha visa 2 kwa waliofuatiliwa kwa BIS dhidi ya 11 kwa waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, na sifa za mashine zikaenea. Lakini ilipolinganishwa na kipimo cha gesi ya usingizi katika pumzi anayoitoa mgonjwa, chenye kengele ya tahadhari, mambo yalibadilika: mwaka 2008 visa vilikuwa 2 kila upande, na mwaka 2011, katika utafiti wa watu wapatao 6,000, vilikuwa 7 upande wa BIS na 2 upande wa gesi. Mimi ninayasoma matokeo hayo hivi: panapotumika gesi na kuna kipimo chake, BIS haiongezi ulinzi; lakini panapotumika propofoli ya kudondoshwa mshipani pamoja na dawa za kulegeza misuli, hakuna pumzi ya kutuambia dawa imefika kiasi gani, na hapo ndipo mashine inapostahili nafasi yake.

Kuna swali lingine ambalo namba haiwezi kulijibu. Kwa mbinu iliyoelezwa na Tunstall mwaka 1977, mkono mmoja hufungwa kwa mpira wa kupimia presha kabla dawa ya kulegeza misuli haijaingia, ili mkono huo ubaki na nguvu, kisha mgonjwa huombwa auminye mkono wa daktari. Baadhi huuminya, na baadaye hawakumbuki lolote. Kumbukumbu na fahamu, basi, hazizimiki pamoja, na uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014, uliopata takriban taarifa 1 ya kuzinduka kwa kila nusukaputi 19,000, ulihesabu wale tu waliokumbuka na wakasema.

Kwa wazee ninaitumia kwa lengo la upande wa pili, kuhakikisha hawalazwi kwa kina kupita kiasi. Ubongo wao hufika mapema katika hali ya kunyamaza na kulipuka kwa zamu, na asilimia ya ukimya pale pembeni huanza kupanda wakati mapigo ya moyo hayajaonyesha lolote. Si kwamba kuliepuka hilo kumethibitishwa kuzuia kuchanganyikiwa baada ya upasuaji: utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wazee zaidi ya 1,200 haukuona nafuu hiyo. Hata hivyo sioni sababu ya kumpa mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Kabla ya kununua, zingatia kwamba vihisi hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, hivyo gharama haiishii kwenye mashine. Omba toleo linaloonyesha wimbi lenyewe kwa ukubwa wa kusomeka, na ikiwezekana picha ya rangi inayoonyesha nguvu ya kila kasi ya mtetemo kwa muda wote wa upasuaji. Toleo la namba tupu nisingelinunua.